Pipa Limekataa: Kutafuta Kosa Unapogeuza Tope la Choo Kuwa Makaa

Simu nyingi zinazonifikia huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, pipa limekataa." Huwa siulizi habari za pipa. Nauliza tope lilitoka wapi, lilianikwa siku ngapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Anayepiga huona namzungusha. Lakini katika mapipa niliyoitwa kuyaangalia, Kariobangi, Ruai na vichochoro vya Mukuru hapa Nairobi, machache mno yalikuwa na ubovu wa chuma. Kosa huwa limeshaingia kabla ya kiberiti kuwashwa, na mara nyingi ni moja kati ya mawili: maji au mchanga. Kwa hiyo ukiona nakurudisha kwenye kitanda cha kukaushia wakati wewe unataka habari za moto, nivumilie.

Mtambo ninaouzungumzia ni ule wa mafundi wa jua kali: pipa dogo lenye kifuniko, limekalishwa ndani ya pipa la lita 200. Tope kavu linakaa kwenye dogo, kuni zinawaka kati ya mapipa mawili. Dogo lina matundu upande wa chini tu. Gesi inayofukuzwa na joto kutoka kwenye tope hupita humo, hukutana na moto wa nje na kuungua. Tope lenyewe haligusani na hewa, ndiyo maana linageuka makaa badala ya majivu. Wenye mitambo mikubwa ya umeme, dalili zenu ni hizi hizi, ila msifungue kitu wenyewe. Mwiteni fundi wa aliyewauzia.

DALILI ISIYONGOJA: MTU ANAUMWA KICHWA KARIBU NA MTAMBO

Naitanguliza hii kwa sababu nyingine zote zinaweza kulala hadi kesho. Mwenzako akisema kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu, miguu imelegea, usimwambie ni njaa wala jua. Mpeleke kwenye hewa safi kwanza, ndipo utafute sababu. Kitu chochote kinachoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Mara nyingi utakuta mtambo umewekwa chini ya mabati yenye kuta pande tatu, hasa mvua za Aprili zinapowafanya watu waukimbize ndani. Mara chache zaidi ni mtu aliyeinamia pipa lisilopoa akachungulia. Na kuna la tatu ambalo watu hulisahau: mlinzi anayejifungia usiku ndani ya stoo yenye makaa mapya kwa sababu kuna kajoto. Akiwa amezirai, au anaongea vitu visivyoeleweka, piga 999 au 112. Hata akipata nafuu nje, apelekwe akapimwe.

Kwenye shimo la choo hatari ni nyingine, gesi inayonuka kama mayai viza. Ikiwa kidogo utaisikia. Ikizidi, inaua pua kwanza, ukadhani imeondoka. Hakuna kuingia shimoni wala ndani ya tangi la eksosta, lori linalonyonya vyoo, hata kuokota ndoo, hata "dakika moja tu". Na aliyeanguka humo asifuatwe na mwenzake, itwe zimamoto.

MOSHI MWEUPE HAUISHI, KUNI ZINAISHA

Tope ni bichi. Nitataja sababu nyingine, lakini anza kwa kuamini hii.

Asubuhi moja ya Julai niliitwa kwenye kikundi kimoja kilichokuwa kimechoma tangu saa moja. Ilikuwa inakaribia saa tano, na pipa lilikuwa linatoa mvuke kama sufuria ya githeri. Waliniambia tope lilianikwa wiki tatu nzima. Nikaokota donge kwenye rundo lililobaki. Juu lilikuwa gumu, la kijivu, limepasuka kama ukoko wa ugali. Nikalivunja kwa magoti ya vidole, nikiwa na glavu: ndani jeusi, laini, linang'aa. Wiki tatu, ndiyo, lakini wiki tatu za Julai ya Nairobi, jua likichungulia saa nane na kujificha saa tisa.

Ukaguzi wa kwanza ni huo huo: vunja donge kubwa kuliko yote, si dogo. Wa pili unahitaji mizani ndogo (isiyotumika jikoni, tafadhali). Pima gramu 100, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105, au juu ya bati lenye moto mdogo huko nje, na uzipime kila baada ya nusu saa hadi uzito usimame. Zikibaki gramu 88, unyevu ni asilimia 12, endelea. Zikibaki chini ya 85, rudisha mzigo juani.

Watu hudhani hiki ni kiherehere cha wataalamu, kwa hiyo nipige hesabu. Kilo 100 za tope lenye unyevu wa asilimia 80, ambalo kwa macho linaonekana ni udongo tu, zina kilo 20 za kitu kikavu. Kulifikisha asilimia 10 lazima uondoe karibu lita 78 za maji. Lita moja huhitaji takriban megajuli 2.6 kupaa. Kilo ya kuni kavu ina kama megajuli 15, na pipa la wazi hupoteza sehemu kubwa ya hizo hewani. Jua halikutozi kitu. Kuni unazinunua.

Ukiwa na kipimajoto cha waya kilichozama katikati ya tope, angalia kinapogota. Kikipanda na kukwama kwenye nyuzi 94 au 95 bila kusogea, usikitupe ukidhani kimeharibika. Hapa kwetu tuko juu sana kutoka usawa wa bahari na maji huchemka kabla ya kufika 100. Kipimajoto kinakwambia bado kuna maji, na hakitapanda hadi tone la mwisho liondoke.

Dawa ni kulipondaponda tope likishaanza kupasuka, vipande vya ukubwa wa kokoto, na kulitandaza unene usiozidi sentimita 5 juu ya turubai jeusi, ukiligeuza asubuhi na jioni. Msimu wa mvua jenga banda la nailoni kama la nyanya, lililoachwa wazi pande mbili ili mvuke utoke. Banda lililofungwa kote nimeliona likinyesha ndani yake lenyewe.

Tope likiwa kavu kweli na moshi bado ni ule ule, angalia majivu yaliyoziba njia ya hewa chini ya pipa la nje. Hilo linaondolewa kwa fimbo na dakika mbili. La mwisho, ambalo si la kawaida lakini ni baya, ni matundu ya pipa dogo kuzibwa na lami iliyoganda. Yazibue kwa waya kabla ya kila uchomaji, pipa likiwa baridi. Yakiziba moto ukiwa unawaka, gesi haina pa kutokea. Ukisikia kifuniko kinapumua, kinainuka na kushuka, au gesi inapiga mluzi ukingoni, usisogee kukibana wala kukichokonoa. Acha kuongeza kuni, ondoa watu, moto ufe wenyewe.

MAKAA YA KAHAWIA, BADO YANANUKA

Makaa mema ni meusi hadi ndani, mepesi, na yakisuguliwa kiganjani doa lake huondoka kwa maji matupu. Ukinawa na kiganja kikabaki na mafuta ya kahawia, kazi haijaisha.

Muda ndio unaolaumika mara nyingi. Watu huzima pale ndimi za gesi kwenye matundu zinapoanza kufifia, ilhali hapo ndipo katikati ya pipa panaanza kuiva. Subiri zife kabisa, kisha shikilia joto saa moja zaidi. Ikiwa ulifanya hivyo, huenda ulishindilia: pipa lililojazwa kwa kukanyagwa kwa buti huiva pembeni na kubaki bichi moyoni, kama keki iliyopikwa kwa haraka. Jaza robo tatu, bila kukanyaga. Kisha madonge makubwa. Kisha, na hili huwashika hata wazoefu, kipimajoto kilichochomekwa karibu na ukuta. Hicho kinapima kuni zako, hakipimi tope. Kinaweza kusoma 500 wakati moyoni hapajafika 250.

Kwa makaa ya kupikia nalenga nyuzi 350 hadi 450. Kwa ya shambani, 500 hadi 600. Kwa nini ya kupikia yasipande sana, nitaeleza mbele kidogo.

Yaliyotoka ya kahawia yarudishwe kwenye pipa na mzigo unaofuata. Usiyauze na usiyachanganye na mazuri ili yapotee humo. Donge ambalo moyo wake haukupata joto bado ni kinyesi kikavu, na mayai ya minyoo hayafi kwa kukauka tu. Yanaweza kungoja kwenye tope kavu kwa miezi.

MAJIVU MEUPE BADALA YA MAKAA

Hewa imeingia. Kifuniko kimepinda, au pipa limetoboka kwa kutu, au ulifungua likiwa na moto. Weka kurunzi ndani ya pipa tupu usiku na uzunguke nje. Palipo na nuru ndipo pa kuziba kwa udongo wa mfinyanzi, au pa kupeleka kwa fundi wa kuchomelea. Bati jembamba halimalizi mwaka, kwa sababu gesi za tope zina salfa na zinakula chuma kuliko za mbao. Na pipa lililowahi kubeba kemikali usilinunue hata kwa bei ya bure.

BRIKETI HAZINA MOTO, JIKO LIMEJAA MAJIVU

Briketi ni makaa ya tope yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kufinyangwa kwa mashine. Hili ndilo lalamiko la wateja, na linaua biashara kuliko yote.

Nilijifunza kwa mama mmoja anayepika chapati kando ya barabara, ambaye kikundi fulani kilimpa gunia ajaribu. Nilimkuta amerudi kwenye makaa ya miti, gunia letu limekaliwa na paka. "Mwanangu," akaniambia bila kuinua macho kwenye tawa, "makaa yako yana adabu sana. Hayawaki, hayazimi, yamekaa tu." Kisha akanionyesha jiko la jana. Briketi zilikuwa zimeungua zikabaki na umbo lake lile lile, duara kamili, za rangi ya waridi iliyofifia. Nikachukua moja nikaiminya. Ilivunjika kimya, na kati ya vidole nikasikia kwaruzo. Mchanga.

Mchanga hutoka kwenye kitanda cha kukaushia. Tope hukaukia juu yake, na mwenye sepeto akichota kwa bidii anachota na kitanda. Huo ndio msingi wa majivu mengi ya Nairobi. Kukagua ni rahisi: koroga kijiko cha tope lililopondwa kwenye chupa ya maji, iache itulie, tazama mstari wa mchanga chini. Kupima kabisa, choma gramu 100 za tope kavu kwenye kopo la bati lililo wazi, juu ya moto mkali, hadi weusi wote uishe, kisha pima kilichobaki. Gramu 20 hadi 30 zinavumilika. Zikizidi 40, usitengeneze makaa ya kupikia kwa tope hilo.

Kwa nini 40? Kwa sababu moto unafukuza maji, gesi na lami lakini haufukuzi majivu. Tuseme gramu 100 za tope kavu zina 40 za majivu, na zikichomwa bila hewa zinabaki gramu 60. Zile 40 zimo zote. Sasa makaa yako ni theluthi mbili majivu, na mteja ananunua udongo uliopakwa masizi. Ndiyo maana pia kuongeza joto hakusaidii, bali kunaharibu: kadiri unavyopandisha nyuzi, ndivyo sehemu inayoungua inavyopaa na majivu yanavyotawala. Vijana wakiona makaa dhaifu hukimbilia kuni zaidi. Fanyeni kinyume, mkae karibu na 350.

Sababu ya pili ni udongo wa mfinyanzi uliotumika kama gundi. Unashika vizuri na hauna bei, lakini ni majivu unayoyaongeza kwa mkono wako. Ya tatu ni asili ya tope lenyewe. Tope lililokaa miaka kwenye bwawa au tangi limeliwa na bakteria, sehemu iliyo na nguvu imeondoka kama gesi. Tope bichi la vyoo vya ndoo vinavyomwagwa kila siku lina nguvu zaidi. La mwisho ni majivu na chokaa ambavyo watu humwaga chooni kuua harufu. Uliza kabla ya kununua.

Kurekebisha: weka wavu au matofali juu ya mchanga ili sepeto isichimbe, chekecha tope kavu, na uchanganye makaa ya tope na vumbi la makaa ya miti. Vumbi hilo limejaa chini ya kila kibanda cha muuza makaa na wengi wanalifagia tu. Kwa tope la kawaida naanza na sehemu moja ya makaa ya tope kwa mbili za vumbi, kisha naongeza makaa ya tope polepole hadi mpishi aanze kununa. Yule mama alikubali gunia la pili. La kwanza paka bado analo.

BRIKETI ZINAVUNJIKA GUNIANI

Dondosha moja kutoka kiunoni kwenye sakafu ya saruji. Ikipasuka vipande viwili, inavumilika. Ikimwagika, kuna kosa. Mara nyingi unga haukusagwa vya kutosha, kwa hiyo chekeche lenye matundu ya milimita 2 au 3 ndilo dawa. Ikiwa unga ni laini, gundi ni haba: molasi, au uji wa wanga wa muhogo uliopikwa hadi unatelezateleza. Uji usiopikwa haushiki kitu. Na kama zinapasuka kuanzia juu, ulizianika kwenye jua kali mara tu zilipotoka kwenye mashine; ziweke kivulini siku ya kwanza. Zilizogundishwa kwa molasi zikinyeshewa zitarudi kuwa uji, hilo halina dawa ila paa.

MOSHI UNAOWASHA MACHO

Briketi mbichi hutoa moshi mweupe, na siku mbili za jua zinamaliza. Makaa yasiyoiva hutoa moshi mzito wenye mafuta. Rudi juu kwenye makaa ya kahawia. Molasi ikizidi hutoa harufu ya sukari iliyoungua kwa dakika za mwanzo, ambayo wateja wengine wanaipenda, sijui kwa nini.

Lakini moshi ukiwa mkali, wa kuchoma koo, na harufu ya nailoni, kuna takataka ndani ya tope. Mashimo ya Nairobi yanameza kila kitu: pedi, nepi, mifuko, rasta, vifuniko vya chupa, vipande vya mabomba. Plastiki yenye klorini ikiungua kwa hewa haba hutoa sumu ambazo hazionekani kwa jicho wala haziondoki kwa kufungua dirisha. Hapo hakuna ukarabati. Simamisha mzigo wote, usiuze kwa matumizi ya ndani ya nyumba, na weka chujio la nondo pale eksosta inapomwagia, kabla tope halijafika kitandani. Kuokota plastiki kwenye tope kavu baadaye ni adhabu.

Tope likinuka mafuta ya taa au oili chafu, lililomwagwa chooni kuua nzi, usiliweke kabisa kwenye pipa lililofungwa. Linaweza kuripuka.

GUNIA LIMEWAKA LENYEWE USIKU

Si uchawi na si jirani. Makaa mapya yananyonya oksijeni na kutoa joto, na yakirundikwa yakiwa bado vuguvugu, joto hilo halina pa kwenda. Pipa lipoe likiwa limefungwa usiku kucha. Ukilimwagia maji likiwa na moto, mvuke unaoruka utakuchoma uso. Likishapoa, tandaza makaa tabaka jembamba mahali pa wazi, nyunyizia maji hadi yasitimue vumbi, yakae siku nzima mbele ya macho ya mtu. Chomeka mkono wenye glavu katikati ya rundo kabla ya kufunga gunia. Kuna uvuguvugu? Tandaza tena.

MAABARA IMERUDISHA MAJIBU MABAYA

Kuna mabaya ya aina mbili, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka chini ya yai moja la minyoo kwa gramu ya kitu kikavu, na E. koli, bakteria wa kinyesi, chini ya 1,000 kwa gramu. Makaa yaliyofika nyuzi 350 hayawezi kuwa na kiumbe hai. Basi vimetoka wapi? Karibu kila mara ni sepeto moja. Limechota tope asubuhi, limechota makaa jioni. Au gunia lililoleta tope limefuliwa "kidogo" likarudishiwa makaa. Au buti. Au maji ya kukorogea gundi yanachotwa na ndoo iliyolala upande wa tope. Paka vifaa vya upande mchafu rangi nyekundu, chora mstari sakafuni, na mtu asiuvuke bila kubadilisha buti. Kwa mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria, mkebe wa rangi nyekundu ndio umenipa faida zaidi.

Ya pili ni metali nzito, na hapa sepeto haina kosa. Metali haziungui. Zebaki hupaa na moshi, kadimiamu nayo joto likizidi, lakini risasi, kromiamu, shaba na zinki hubaki. Na kwa kuwa gramu 100 zimekuwa 60, kiwango chake kwa kila gramu kimepanda. Tope la bomba kubwa la maji taka limepitia viwandani, gereji na maabara. Tope la choo cha shimo limepitia watu tu, pamoja na takataka zao. Ukitaka makaa ya shambani, chukua la pili. Ukikuta metali zimezidi, usijaribu kuosha kwa asidi nyuma ya nyumba, maana utabaki na maji yenye sumu kuliko makaa uliyoanza nayo. Waite NEMA, mamlaka ya mazingira, au mtaalamu mwenye kibali cha taka hatari.

SUKUMA IMEUNGUA, AU IMEDUMAA

Makaa ya tope hubakiza fosforasi, ndiyo maana wakulima huyapenda. Majani yakiungua kingo, shuku chumvi au magadi, yaani kinyume cha uchachu: makaa haya mara nyingi yana pH ya 8 hadi 10. Majani yakiwa manjano na mmea umedumaa, makaa mapya yamejishikia naitrojeni kabla mmea haujaila, na nyingine ilishapaa wakati wa kuchoma. Yalowekwe kwanza na mboji wiki mbili au tatu.

Uliza pia udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa upande wa Kiambu mara nyingi ni chachu, unayapokea makaa haya kwa furaha. Udongo mweusi wa Ruai na Embakasi, ule unaopasuka kiangazi hadi ng'ombe anaumia mguu, mara nyingi hauhitaji magadi zaidi. Kabla ya kumwaga magunia, panda mchicha kwenye makopo mawili, moja lenye udongo mtupu, jingine lenye sehemu moja ya makaa kwa tisa za udongo. Siku kumi zitakwambia. Kwa shamba la kuuza mboga, peleka udongo na makaa maabara, kama ile ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete, kabla ya msimu na si baada ya mteja kulalamika.

UMECHUJIA MAJI NA YAMETOKA MEUSI

Weusi ni vumbi: osha makaa kwa maji hadi yatoke safi. Rangi au harufu ya maji isipopungua hata hivyo, makaa yako si kaboni amilifu, ile iliyotengenezwa maalumu kunyonya uchafu. Ile hutengenezwa kwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 900 au kwa kemikali kali, na makaa ya tope, yenye majivu yaliyoziba vinyweleo vyake, huwa dhaifu hata baada ya hapo. Potasi kali na kloridi ya zinki zinachoma ngozi na mapafu. Ni kazi ya maabara yenye feni ya kuvuta hewa, si ya pipa.

Kwa maji ya kuoshea magari au yanayotoka kwenye rangi za nguo, jaribu. Kwa maji ya kunywa, usijaribu. Visima vingi vya Nairobi vina floridi, na watu huniuliza kama makaa haya yataiondoa. Hapana, hayatoshi, na usije ukaongeza risasi humo ukidhani unaondoa floridi.

Ukinipigia, uwe umeshavunja lile donge kubwa.